Acheni Kutoboa Spika

Kijana mmoja mpiga gitaa kaniletea spika ya inchi 12 yenye matundu ya penseli. Kaitoboa kwa makusudi, kwa sababu kasikia kwamba hivyo ndivyo mpiga gitaa Mmarekani Link Wray alivyoipata sauti ya wimbo wake "Rumble" mwaka 1958. Si wa kwanza, na ndiyo maana leo naandika. Spika nzima zinauawa kwa hadithi iliyosimuliwa nusu, na mtu anakuja kwangu akitaka nimalizie nusu iliyobaki.

Imani yenyewe inasema kwamba ile sauti chafu ya magitaa ya rock and roll ya mwanzo ilitokana na vifaa vibovu: amplifaya iliyodondoka, spika iliyochanika, vali (ile taa ya kioo inayokuza sauti ndani ya amplifaya) iliyolegea. Hapana. Kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye amplifaya nzima, ndogo, za vali, zilizofunguliwa sauti kupita uwezo wake na watu waliotaka wasikike juu ya ngoma na saksafoni.

Mfano unaotajwa na kila mtu ni wimbo "Rocket 88", uliorekodiwa Machi 1951 kwenye studio ya Sam Phillips, 706 Union Avenue, Memphis. Bendi ya Ike Turner ilitoka Mississippi kwa gari, na amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart ikaumia njiani. Kuna wanaosema ilianguka, kuna wanaosema ilinyeshewa. Phillips akasokomeza karatasi kwenye spika na kazi ikaendelea. Sawa. Lakini alisokomeza ili spika itulie! Alichokuwa anafanya ni matengenezo ya dharura, na watu wamekigeuza kuwa kibali cha kuharibu.

Halafu sikilizeni mwaka uleule, chumba kilekile, Phillips yuleyule: Willie Johnson akimpigia gitaa mwimbaji Howlin' Wolf kwenye "How Many More Years". Hapo hamna hadithi ya kitu kudondoka, na gitaa linanguruma kuliko la Kizart. Rudini nyuma hadi 1949, Houston, mkamsikie Goree Carter akiufungua "Rock Awhile". Njooni mbele hadi 1954, studio ya Phillips tena, mkamsikie Pat Hare kwenye "Cotton Crop Blues" ya James Cotton. Mkwaruzo wa gitaa lile ni mkali hata kwa masikio ya leo. Wote hawa hawawezi kuwa walipata ajali njiani.

Hadithi ya vali iliyolegea ni ya mpiga gitaa Paul Burlison wa kundi la Johnny Burnette, kuhusu "The Train Kept A-Rollin'" ya 1956. Kuna wanaoshikilia kwamba aliyepiga siku ile ni Grady Martin, na ubishi huo nawaachia wanahistoria. Mimi nasema kama fundi: vali ikilegea kwenye tundu lake, sauti hukatikakatika, hutoa mlio wa kutatarika, kisha hupotea. Haikupi mngurumo ulio sawa kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Na pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyokwaruza sauti? Maestro Fuzz-Tone, pedali ya fuzz iliyofungua soko, ilitoka 1962. Hiyo kweli ina asili ya ubovu: muda mfupi kabla yake, Nashville, besi ya nyuzi sita ya huyohuyo Grady Martin ilipita kwenye njia mbovu ya mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) wakati wa kurekodi "Don't Worry" ya Marty Robbins, na injinia Glenn Snoddy akautafuta ubovu ule na kuuiga kwa transista. Kwa hiyo anayetafuta sauti ya 1955 ndani ya pedali ya fuzz anatafuta kitu kingine kabisa.

Tuje kwenye chombo chenyewe. Amplifaya ya Fender Deluxe ya katikati ya miaka ya 1950 ina wati 15 hivi: vali mbili za aina ya 6V6 mwishoni, vali ya 5Y3 ya kunyoosha umeme, spika moja ya inchi 12. Champ, ya Fender pia, ina wati 5 hivi na 6V6 moja tu. Gitaa likisukuma wimbi kubwa kuliko vali inavyoweza kubeba, vilele vya wimbi vinabanwa. Vali haibani ghafla. Huanza kidogo kidogo, hasa kwenye saketi kama ya Deluxe ile, ambayo hairudishi sehemu ya sauti ya mwisho nyuma ili kujisahihisha. Tena ukipiga uzi kwa nguvu, voti za ndani hushuka kwa muda mfupi kisha hupanda. Kwa hiyo mpigo wa kwanza unalainika, halafu noti inavimba baada ya kidole kuondoka. Ukipiga kwa upole, sauti inasafika yenyewe. Huyo ndiye mnyama mnayemtafuta, na spika mbovu haimleti.

Kuna jambo moja kuhusu spika ambalo halisemwi. Wimbi likibanwa huzaa harmoniki nyingi, yaani sauti za mara mbili, mara tatu na kuendelea ya noti iliyopigwa, na za juu kabisa zinachoma masikio. Spika ya gitaa ya inchi 12, yenye koni ya karatasi, inapoteza nguvu haraka ukivuka hezi (mitetemo kwa sekunde) 5,000 hivi. Inazichuja. Unganisha amplifaya hiyohiyo kwenye spika ya muziki wa nyumbani yenye twita (kispika cha sauti za juu), utasikia nyuki. Sasa ukilitoboa chujio la nazi, tui haliongezeki uzito, ila machicha yanapita. Spika iliyochanika ni vivyo hivyo: kingo za mpasuko zinagongana na kutoa mlio usiofuata noti yoyote, na mlio huo unazaliwa baada ya chujio, kwa hiyo hakuna cha kuuzuia. Kila ukipiga, mpasuko unaongezeka.

Najua mtanitajia mpiga gitaa Dave Davies wa The Kinks na wembe wake, 1964. Kweli, aliichana spika ya amplifaya ndogo ya Elpico. Lakini Elpico ile ilikuwa inalisha Vox AC30. Amplifaya moja ilikuwa inaisukuma nyingine hadi izidiwe! Wembe unakumbukwa, waya uliounganisha vyombo viwili unasahaulika. Na Wray mwenyewe alisimulia habari ya penseli, simbishii. Sikilizeni tu jinsi anavyopiga: kodi nzito (noti kadhaa kwa mpigo mmoja), polepole, na mwishoni mtetemo wa amplifaya unaongezeka. Baadhi ya redio za Marekani zilikataa kuipiga rekodi isiyo na neno hata moja. Uzito huo umo mkononi mwake, wala penseli haiwezi kupiga kodi.

Sasa jambo ambalo mimi mwenyewe nina shaka nalo. Vitabu na matangazo ya biashara hurudia kwamba utamu wa vali unatokana na harmoniki shufwa. Hilo linaeleweka kwenye Champ yenye vali moja ya mwisho. Lakini kwenye Deluxe vali mbili za mwisho zinafanya kazi kwa kupokezana, na mpangilio huo hufuta sehemu kubwa ya harmoniki shufwa zinazozaliwa pale. Zinazobaki zinatoka vali za mwanzo. Bado Deluxe ni tamu. Naamini zaidi kwamba utamu umo kwenye ule ubanaji wa taratibu na kule kuvimba kwa noti, ila siwezi kuapa, na fundi anayeapa namtilia shaka.

Kwenye kodi hesabu iko wazi zaidi. Piga noti A ya hezi 110 pamoja na E ya juu yake, kama hezi 165. Amplifaya iliyozidiwa inazaa pia tofauti yao, hezi 55, ambayo ni A ileile oktava moja chini. Nyuzi mbili zimekupa besi ya bure. Ongeza C# katikati, hezi 138.6, na mazao yanaanza kugombana: mara mbili ya C# ukitoa A ni hezi 167 na ushee, karibu kabisa na E lakini si E, na sauti inayumba. Ndiyo maana kodi kamili inakuwa matope pale ambapo nyuzi mbili zinasimama imara, na ndiyo maana gitaa la kusindikiza la rock and roll lilipenda nyuzi mbili mbili za chini.

Basi tafuteni amplifaya ndogo ya vali, nzima, yenye spika nzima. Ifungueni sauti mpaka karibu na mwisho, halafu punguzeni na kuongeza kwa kitufe cha sauti cha kwenye gitaa. Msiifungue kwa ndani kama hamjui: kapasita zake hubaki na mamia ya voti hata baada ya kuchomoa umeme, na zinaua. Wati 5 zikizidiwa bado ni kelele kubwa chumbani, kwa hiyo ongeeni na majirani kwanza.