Sukari haizai minyoo

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: “Mama, mnyime mtoto pipi na miwa, sukari inazaa minyoo.” Si kweli. Mnyoo hutoka kwenye yai, na yai hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye minyoo. Jike mmoja wa minyoo mviringo hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku. Hukomaa udongoni kwa wiki kadhaa, kisha hufika mdomoni kwa kucha chafu au kachumbari isiyooshwa vizuri. Mwaka 1922 mtafiti mmoja wa Japani aliyameza 2,000 kwa makusudi (ana moyo huyo!), akaja kuwaona minyoo wachanga kwenye makohozi yake, maana hupitia mapafuni kabla ya kutulia utumboni. Minyoo wa safura wao hupenya ngozi ya anayetembea peku.

Kuchanganya kunaeleweka: mtoto hulamba pipi kwa vidole vilivyotoka kuchezea mchanga, lawama ikabaki kwa pipi. Kesi ya sukari ni meno.

Ujumbe huo ukikufikia, uishie kwako, usiusambaze. Mwenye shaka apeleke choo cha mtoto maabara. Mayai huonekana kwa hadubini.