Deni Ni Lako, Nambari ya Mama Mkwe Si Dhamana

Malalamiko kuhusu apu za mikopo hayajapungua, na mengi hufika kwenye dawati letu yakiwa yameshaharibika. Mlalamishi anaketi, anatoa simu, kisha anasema: "Nilikasirika, nikafuta zote." Hizo zote ndizo jumbe tulizozihitaji.

Kwanza, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haifuti deni. Wapo wanaokuja wakitumaini ile elfu tatu itasamehewa. Lipa. Tunachoshughulikia ni ujumbe uliomfikia mama mkwe saa kumi na moja alfajiri: "Mwambie alipe, wewe ndiye mdhamini wake." Mama wa watu hakudhamini chochote. Nambari yake ilichotwa kwenye simu ya mkwewe siku ya kuomba mkopo.

"Lakini nilibonyeza Kubali." Jibu hili limenichosha. Uliyakubali yako, huwezi kuwakubalia watu mia nne walio kwenye simu yako. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zinawakataza watoaji mikopo ya kidijitali kuwasumbua watu hao, kutisha na kutukana. Google nayo, tangu 31 Mei 2023, hairuhusu apu za mikopo kwenye duka lake kugusa orodha ya nambari wala picha zako. Apu inayoziomba leo huenda uliipata kwa linki ya kutumiwa WhatsApp, na hapo ndipo ungeshtuka.

Kwa hiyo mlalamishi si lazima awe mkopaji. Mama mkwe mwenyewe ana haki kamili, na mara nyingi kesi yake ndiyo safi zaidi.

Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko ya maandishi au ya mdomo; ya mdomo huandikwa na afisa. Leta picha ya skrini inayoonyesha nambari iliyotuma, tarehe na saa, si matusi peke yake yaliyokatwa pembeni. Leta jina la apu na la kampuni inayoimiliki. Tazama sera ya faragha, au ujumbe wa M-Pesa wa siku ulipolipa. Chini ya kifungu cha 56 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, uchunguzi hukamilishwa ndani ya siku 90. Siku ya nne si siku ya tisini, tafadhali.

Adhabu chini ya kifungu cha 63 hufika shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea kipi ni kidogo. Septemba 2023 kampuni moja yenye apu mbili ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia nambari za watu kuwatumia vitisho. Faini hiyo haiingii mfukoni mwa mlalamishi. Fidia ina kifungu chake, cha 65, na lazima uiombe na ueleze umeumia vipi: kazi iliyopotea, chama kilichokufukuza.

Historia ya mkopo tueleze kwa ufupi. Simu yenyewe njoo nayo, ikiwa na chaji.