Fidia ya VA kwa askari waliopata ulemavu: yanayosemwa na yalivyo

Kuanzia mwaka 2009 hadi 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango ulioitwa MAVNI. Wageni wenye viza halali walijiunga na kupewa uraia upesi, wakiwa wataalamu wa afya au wanajua lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Ndugu zetu wakaingia kwa njia hiyo, wengine kwa grinikadi, na leo wengi wameshavua magwanda. Wametoka na magoti mabovu, migongo isiyonyooka asubuhi, masikio yanayovuma usiku kucha. Wizara ya maveterani (waliowahi kuwa askari), VA, ina fidia kwa ajili yao, ya kila mwezi na isiyokatwa kodi. Lakini habari zake zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zina chumvi nyingi, na chumvi hiyo inawakosesha watu haki yao.

"Hiyo ni ya waliopigwa risasi vitani."

Hii ndiyo inayowafungia wengi mlango hata kabla hawajabisha. VA haiulizi kama ulipigana. Inauliza mambo matatu: je, una tatizo la kiafya sasa hivi? Je, kuna kilichotokea ulipokuwa jeshini? Je, kuna ushahidi, kwa kawaida wa daktari, unaounganisha hayo mawili? Aliyevunjika kifundo cha mguu akikimbia mazoezi kambini Texas anaingia sawasawa na aliyejeruhiwa Afghanistan. Fundi wa ndege aliyesikiliza injini miaka minne na sasa masikio yanamlia anaingia. Mlio wa masikio ni miongoni mwa madai yanayolipwa mara nyingi zaidi, kwa asilimia 10 (VA hupima ulemavu kwa asilimia, na asilimia ikipanda malipo nayo hupanda). Hata ugonjwa uliozaliwa na ugonjwa huhesabiwa: goti lililoumia jeshini likikufanya uchechemee mpaka nyonga ikaharibika, nyonga nayo inadaiwa. Kinachozuia ni namna ulivyoachishwa jeshi. Aliyefukuzwa kwa fedheha hukosa.

"Ukienda kupimwa, jikaze. Usionekane unalialia."

Hapa nitakaa kidogo, maana sisi ndipo tunapoumia zaidi. Baada ya kufungua madai, VA hukuita kwa daktari wake au wa kampuni iliyopewa kandarasi. Daktari huyo hakutibu. Anakupima, anaandika ripoti, basi. Anayekupangia asilimia ni mtu mwingine ambaye hatakuona kamwe, ataiona karatasi.

Sasa mtu wetu anaingia, anaulizwa hali, anajibu "mzima kabisa", kwa sababu hivyo ndivyo tulivyolelewa: mgonjwa yuko kitandani na bado anasema hajambo. Kisha anaambiwa akunje goti. Daktari ameshika kipimapembe pembeni ya mguu. Kwa kipimo hicho peke yake, goti linaloishia nyuzi 60 ni asilimia sifuri, nyuzi 45 ni asilimia 10, nyuzi 30 ni asilimia 20. Mtu wetu anauma meno, anavuta mguu kupita pale maumivu yalipoanzia, anafika mbali, anatoka kifua mbele. Karatasi inasema goti linakunjika vizuri. Kumbe kanuni zenyewe zinatambua maumivu: kiungo kinachouma kinaposogezwa, ikithibitishwa, hustahili walau asilimia 10, na daktari anatakiwa kuzingatia hali yako siku ambazo goti linavimba hushuki ngazi. Lakini ataandika vipi usichomwambia? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sisemi mtu aigize. Kudanganya ni kosa la jinai na kuna waliofungwa. Sema tu siku mbaya zikoje, mara ngapi kwa mwezi, na goti linapoanza kuuma tamka. Vivyo hivyo kwa ndoto za vita na hasira zisizo na sababu, ambazo wanaume wetu huzificha hata kwa wake zao. Mke anaruhusiwa kuandika maelezo yake mwenyewe ya yale anayoyaona nyumbani, na yakawekwa kwenye faili kama ushahidi.

"Nina 50 na 30, kwa hiyo nina 80."

Hapana, una 70. VA humchukulia mtu kuwa ni mzima kwa asilimia 100, kisha inapunguza. Hamsini ya kwanza inaacha 50 nzima. Thelathini inakatwa kwenye hiyo 50 iliyobaki, yaani 15. Jumla 65, inasogezwa hadi kumi ya karibu: 70. Ndiyo maana aliyefika 90 kamili anahitaji tatizo jipya la asilimia 50 ili afike 95, ambayo husogezwa kuwa 100. Ni hesabu ya kuudhi, lakini ukishaijua huachi kulala ukidhani umeibiwa.

Na tofauti ya pesa ni kubwa. Kwa viwango vya mwaka 2025, asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, na asilimia 100 kwa asiye na mtegemezi ilikuwa dola 3,831.30. Kuanzia asilimia 30 huongezwa fungu la mke au mume, watoto, na hata mzazi ikithibitishwa kwamba wewe ndiye unayemtunza. Hilo la mzazi wengi wetu hawalijui, na sisi ndio tunaotuma pesa nyumbani kila mwezi. Sifuri nayo ina maana: haina pesa, ila VA imekubali kwamba tatizo lilitokana na jeshi, na likizidi unaomba kupandishwa.

"Ukifanya kazi wanakata. Ukirudi nyumbani wanafunga."

Mwenye asilimia 100 ya kawaida anaruhusiwa kuajiriwa. Asiyeruhusiwa kazi ya kipato cha kutosha ni yule anayelipwa kiwango cha 100 kwa sababu VA imekubali kwamba hawezi kushika kazi. Ukihamia Arusha au Eldoret, fidia inaendelea, na kuna mpango wa VA wa kulipia matibabu nje ya Marekani kwa ugonjwa uliokubaliwa kuwa wa jeshini.

"Bila wakala hupati."

Ni marufuku mtu kukutoza hela kuandaa madai ya mara ya kwanza. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion vina wawakilishi waliosajiliwa ambao hufanya kazi hiyo bure. Wakili aliyesajiliwa anaweza kudai ujira baada ya uamuzi wa kwanza kutoka. Anayetaka mkataba wa kukata malipo yako yajayo, kimbia.

"Nilitoka zamani, muda umepita."

Kufungua madai hakuna mwisho. Kinachopotea ni malipo ya nyuma: ukifungua ndani ya mwaka mmoja tangu kutoka, huhesabiwa kuanzia siku iliyofuata kuachishwa kwako, ukichelewa, ni tangu ulipofungua. Hata kabla ya kukusanya karatasi zote, wasilisha taarifa ya nia ya kufungua madai. Itakushikia tarehe kwa mwaka mzima.

Halafu kuna sheria ya PACT, iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 2022, kuhusu moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini. Aliyetumika Somalia au Oman tangu Agosti 1990, au Djibouti tangu Septemba 2001, hahitaji kuthibitisha kwamba alivuta moshi huo. Akiwa na pumu iliyogunduliwa baada ya jeshi, sainasi sugu au saratani kadhaa zilizotajwa, uhusiano na jeshi unachukuliwa kuwa upo. Waliokataliwa kabla ya sheria hiyo kwa maradhi ambayo sasa yamo kwenye orodha wanaruhusiwa kurudi kwa madai ya nyongeza, na VA inapaswa kuyaangalia upya.