Mashine ya kupumulia usingizini haizembeshi mapafu

Wengi wanaamini kwamba mtu anayekoroma na kukatikiwa pumzi usingizini akishapewa mashine ya hewa, mapafu yake yatazoea kubebwa, na siku umeme ukikatika hataweza kupumua. Hofu hiyo inaeleweka: barakoa na mpira wake vinafanana na vya wodi ya wagonjwa mahututi.

Lakini apnea ya kuziba, yaani huko kukatikiwa pumzi usingizini, haiko kwenye mapafu, iko kooni. Usingizi ukikolea, misuli ya koo hulegea na njia ya hewa huziba, tena na tena usiku kucha. Mashine hii, iliyoelezwa kitabibu mwaka 1981 huko Australia, husukuma hewa ya kawaida ya chumbani ili koo libaki wazi. Kupumua unapumua mwenyewe. Ukiiacha, tatizo hurudi kwa sababu koo ni lilelile. Umeme ukikatika, vua barakoa ulale kwa ubavu.

Hakikisha mwenyewe: iwashe, weka kiganja mbele ya mpira. Ni upepo tu, hakuna mtungi wa oksijeni. Mashine nyingi za sasa huonyesha pia saa ulizotumia na wastani wa pumzi kukatika kwa saa. Wastani huo ukiwa chini ya 5 ni dalili njema.

Kinachowashinda wengi, kusema kweli, ni barakoa inayovuja. Ivae mchana dakika 20 ukisikiliza redio, uzoee. Upepo ukikupiga machoni, usiikaze hadi ikuachie alama. Rudi kliniki wakubadilishie saizi. Koo likikauka, ulizia kile kichombo cha maji cha kulainisha hewa.