Miundombinu ya kijani ni nini, na kwa nini Bukavu si Goma

Mvua ya alasiri ikishuka Bukavu, mji wa vilima kando ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, robo saa inatosha. Mabati ya mtaa wa Kadutu yanapiga kelele hadi simu haisikiki, kisha maji mekundu yanateremka vijia vya udongo kati ya nyumba za mbao, yanairuka kanivo, yaani mfereji wa kando ya barabara, iliyojaa chupa na sasheti, na kufika barabara ya chini yakiwa yamekwisha kuwa mto. Mama muuza sambaza, dagaa wa ziwani, anainua beseni lake, anapanda juu ya tofali na kungoja. Saa moja baadaye jua limetoka na maji yamepita. Limebaki tope, na kila mtu anasema lile lile: kanivo ni ndogo.

Kweli ni ndogo. Mji huu ulichorwa kwa ajili ya makumi ya maelfu ya watu, na leo una zaidi ya milioni moja. Lakini ukiipanua kanivo mara mbili bila kufanya lingine, utakuwa umeyafikisha maji haraka zaidi kwa anayekaa chini. Miundombinu ya kijani inaanzia upande wa pili wa tatizo: kwa nini maji yote yafike chini kwa pamoja?

Maana yake ni kushughulikia maji ya mvua palepale yanapoangukia, au karibu na hapo, kwa kutumia udongo, mimea, matangi, mashimo na nafasi zilizoachwa wazi, ili maji yanywewe na ardhi, yatumike nyumbani, au angalau yangoje kidogo kabla ya kuingia mferejini. Kinyume chake huitwa miundombinu ya kijivu, kwa rangi ya saruji: kanivo, mabomba, kalaveti, kuta za kuzuia udongo. Moja haiifukuzi nyingine. Ya kijani hupunguza mzigo, ya kijivu hubeba unaobaki.

Neno "kijani" lenyewe limewapoteza wengi. Tangi jeusi la plastiki linalokinga maji ya paa limo ndani ya dhana hii, ingawa halina hata jani moja. Bustani nzuri ya nyasi mbele ya hoteli, iliyoinuliwa juu ya barabara na kuzungushiwa ukingo wa saruji, haimo, kwa sababu maji ya barabara hayawezi kuipanda. Ukitaka bustani ifanye kazi, iwe chini ya usawa wa barabara, kama sahani, na ukingo wake uwe na mdomo wa kupokelea maji. Ni tofauti ya sentimita ishirini tu, lakini ndiyo inayotenganisha pambo na chombo.

Chukua paa la mita 8 kwa 10. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwetu kati ya Septemba na Mei, inaliangushia lita 4,000. Kwa lugha ya nyumbani hizo ni bidoni 200 za lita ishirini, kutoka paa moja. Pale paa lilipo leo palikuwa na migomba na magugu. Majani yalishika sehemu ya matone, udongo ukanywa nyingine, iliyobaki ikateremka kwa kujikokota. Bati halinywi kitu. Saruji ya uani hainywi. Hata udongo uliokanyagwa na watu miaka kumi hunywa kidogo sana. Kwa hiyo maji ya avenyu nzima yanaanza safari dakika moja na kufika kwenye kalaveti dakika moja. Kanivo haishindwi na maji ya siku nzima. Hushindwa na maji yanayofika kwa wakati mmoja. Ukiweza kuyachelewesha nusu yake kwa saa mbili tu, kanivo ile ile uliyoitukana inaweza kutosha.

Dhana hii imekuzwa sana na miji ya pwani, na wao wana sababu ambayo sisi hatuna. Mfereji wa mji wa pwani humwaga baharini. Maji ya bamvua yanapojaa, bahari hupanda juu ya mdomo wa mfereji, na mvua ikinyesha saa hiyo hiyo, maji hayana pa kutokea. Yanarudi nyuma hadi barabarani. Mtaa unafurika kwa mvua ambayo ingepita kimya kama bahari ingekuwa imekupwa. Katika hali hiyo kujenga mfereji mpana hakusaidii sana, maana mlango umefungwa. Kinachosaidia ni kuwa na mahali pa kuyaweka maji hadi bahari irudi nyuma. Beira, huko Msumbiji, ilifanya hivyo kwa mto wake Chiveve, unaopita katikati ya mji: mto ukazibuliwa na kingo zake zikageuzwa bustani ya umma, ili upokee maji badala ya kuwa jalala. Copenhagen, mji wa bandari wa Denmark, ulipigwa tarehe 2 Julai 2011 na mvua ya milimita zipatazo 150 kwa muda wa saa mbili hivi. Mwaka uliofuata ukatoa mpango wa mji mzima wa kukabiliana na mvua za namna hiyo, ukiwamo wa kushusha bustani na viwanja chini ya usawa wa barabara. Siku za kawaida watoto wanacheza humo. Siku ya gharika ni bwawa.

Ziwa Kivu, mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, halina kupwa na kujaa kwa kutufungia mlango. Ndugu zetu wa Uvira wako karibu zaidi na masaibu ya pwani, kwa jinsi Ziwa Tanganyika lilivyopanda miaka ya karibuni na kuingia katika nyumba za ufukweni. Bukavu shida yetu imegeuka kichwa chini. Maji hayakosi pa kwenda. Yana haraka ya kwenda, na yanabomoa njiani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na vipeperushi vingi vinavyosambazwa kuhusu jambo hili. Vingi vinasema: chimba shimo, weka mawe, acha maji yazame. Kwa Goma, mji ulio upande wa kaskazini wa ziwa letu, ni ushauri mzuri. Goma imekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, tabaka juu ya tabaka, ya mwisho kufika kwenye viunga vya mji ikiwa ya Mei 2021. Jiwe hilo ni gumu kwa sururu lakini limejaa nyufa, na ndiyo sababu katika mji ule huoni mito ikikatiza mitaa: mvua hupotelea chini. Barabara za Goma zinapofurika, mara nyingi ni kwa sababu nyufa zimezibwa na saruji, mchanga laini au takataka. Shimo la kuzamishia maji linarudisha tu kile jiwe lilichokuwa likifanya. Kuna sharti moja, nalo si dogo: maji yanayozamishwa yawe ya paa au ya barabara iliyofagiliwa, kamwe yasitoke chooni, kwa maana nyufa hazichuji uchafu, na watu wa kule wanachota maji ziwani. Kipindupindu hakihitaji kukumbushwa njia.

Ukileta shimo lile lile kwenye mteremko wa Bukavu unaweza kumzika jirani. Udongo wetu mwekundu ni mfinyanzi mzito uliotokana na miamba iliyooza kwa muda mrefu. Ukishiba maji unakuwa mzito, unalainika, unateleza. Mteremko wa Funu ni mporomoko mkubwa ambao bado unatembea, polepole, huku nyumba zikiwa juu yake na kuta zikipasuka. Kuzamisha maji mahali kama hapo ni kuupaka mlima mafuta. Aliyeona Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, Mei 2023, anajua mlima ulioshiba maji unafanya nini. Kwa hiyo kanuni yangu kwa Bukavu ni ya kikatili kidogo: juu ya mteremko maji yashikwe ndani ya chombo au yashushwe kwa mwendo mdogo, kuzama kuachwe kwa sehemu tambarare, mbali na ukingo wa korongo.

Chombo cha kwanza ni tangi. Wengi wanalo tayari, kwa kuwa bomba hukauka siku nyingi kuliko linavyotiririka. Tatizo ni kwamba tangi la kuzuia mafuriko linatakiwa kuwa tupu mvua inapoanza, na tangi la kunywa linatakiwa kuwa limejaa. Mama wa nyumba hawezi kumwaga maji yake kwa ajili ya barabara ya watu wengine, na yuko sahihi. Suluhu ni rahisi kuliko inavyosikika: toboa tangi katikati ya kimo chake, weka bomba jembamba kama kidole. Nusu ya chini inabaki akiba ya nyumba. Nusu ya juu inajaa wakati wa mvua, kisha inavuja taratibu usiku kucha hadi iwe tupu kwa mvua ya kesho.

Kwenye makorongo kazi ni ya mizizi na mawe. Vetiva, nyasi yenye mizizi inayoshuka wima na kwa kina, ikipandwa kwa mistari inayokata mteremko, hushika udongo na kuvunja mbio za maji. Mianzi hufaa kwenye kingo. Vizuizi vifupi vya mawe, kimoja baada ya kingine ndani ya korongo, hufanya maji yashuke kwa ngazi badala ya kuruka. Mikaratusi tunayopenda kupanda siku za sherehe inakua haraka, sawa, na mbao zake zina soko, lakini chini yake ardhi mara nyingi hubaki tupu, na ardhi tupu ndiyo inayokimbia na maji. Ningefurahi kuona sherehe moja ya kupanda nyasi. Hakuna mkubwa atakayetaka kupigwa picha nayo.

Kuhusu mto Kawa, unaoshuka kutoka Kadutu hadi ziwani, kila mtu anajua lililo sahihi na hakuna anayependa kulisema. Mto unahitaji kingo zake. Jirani zetu wa Kigali wamelirudisha bonde la Nyandungu, hekta zipatazo 120, likawa kinamasi na bustani iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022, linalopokea maji ya mvua na kuyachuja. Lakini kingo za Kawa wanakaa watu, na mtu aliyenunua kiwanja chake kwa jasho hawezi kuambiwa ahame kwa jina la kijani bila kuonyeshwa pa kwenda. Mpango unaoanza na kubomoa nyumba haujaelewa neno hili.

Mipaka yake nayo ijulikane. China ilianza kuzungumzia miji inayonyonya maji kama sifongo mwishoni mwa mwaka 2013, na Zhengzhou ulikuwa miongoni mwa miji iliyowekeza huko. Tarehe 20 Julai 2021 mvua ya milimita 201.9 ilianguka hapo kwa saa moja, na watu wakafa hadi ndani ya treni ya chini ya ardhi. Hakuna sifongo linalonywa hiyo. Miundombinu ya kijani ni dawa ya mvua za kila wiki, zile zinazomlowesha mama wa sambaza mara ishirini kwa msimu.

Na inataka mikono. Bustani ya chini ya barabara hupokea pia mchanga mwekundu na plastiki. Isipozolewa inaziba, na maji yakikaa humo zaidi ya siku mbili, mbu wameshapata kitalu. Plastiki inayoponyoka Kawa na kanivo zetu haiishii ziwani. Inaelea hadi Ruzizi na kuziba bwawa la umeme, kisha tunakaa gizani tukishangaa. Salongo ya Jumamosi, yaani kazi ya pamoja ya usafi, ingetosha kwa mengi ya haya kama takataka iliyozolewa ingeondolewa siku hiyo hiyo, badala ya kurundikwa pembeni ya kanivo hadi mvua iirudishe.

Kama ningeulizwa pa kuanzia, ningetaja mapaa makubwa yaliyo juu ya vilima: shule, parokia, masoko. Paa la mita za mraba 600 linatoa lita 12,000 kwa mvua ya milimita 20 tu, mwenye paa ni mmoja, na watoto wanahitaji maji ya kunawa mikono. Bomba la ziada lishuke hadi kanivo ya saruji, lisiachwe likimwagia ukuta wa jirani wa chini, maana kesi nyingi za parseli, yaani viwanja, Bukavu zimeanzia hapo.