Je, wajua kwa nini plagi ya hita huungua bila breka kukata umeme?

Msimu wa baridi ukiingia, soketi iliyozoea kuchaji simu hupachikwa hita. Baada ya siku chache plagi inapata doa la kahawia, breka haijakata hata mara moja, na lawama zote zinaiangukia hita. Mara nyingi inaonewa.

Hita ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 8.7 hivi. Ndani ya soketi, kila pini ya plagi hubanwa na vibati vya chuma vyenye springi. Springi ikichoka, au skrubu inayoshika waya ikilegea, pini na kibati hugusana kwenye vidoa vichache tu, na umeme hupita hapo kwa taabu. Tuseme ukinzani wa hapo ni omu 0.1. Joto hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani: 8.7 × 8.7 × 0.1, karibu wati 7.6, zote zikirundikana mahali padogo kama punje ya mchele. Chaja ya simu ikivuta ampea 0.1, pale pale pangetoka wati 0.001. Ndiyo maana soketi hiyo haikuwahi kulalamika. Joto nalo huilegeza springi zaidi na kuotesha kutu juu ya shaba. Ukinzani unapanda, na joto linapanda nao.

Breka ya ampea 16 haina habari, kwani yenyewe huangalia mkondo, na mkondo bado ni ampea 8.7, hata pungufu kidogo. Kile kifaa chenye kitufe cha T (cha kujaribia) kwenye boksi la breka nacho hutafuta umeme unaovuja, na hapa hakuna unaovuja. Kinachobaki ni mkono wako.

Washa hita kwa nguvu yake yote kwa nusu saa. Izime, zima swichi ya soketi, chomoa, kisha papo hapo gusa plagi kwa mgongo wa kiganja, halafu pini moja moja, kwa tahadhari. Uvuguvugu si neno. Ukilazimika kuondoa mkono, soketi hiyo isitumike tena. Pini moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, huenda kibati cha upande huo ndicho kilicholegea. Harufu ya samaki chumbani ambamo hakuna samaki pia ni dalili: baadhi ya plastiki za soketi hunuka hivyo zikiungua. Fundi azime swichi kuu na abadilishe soketi nzima, na plagi yenye doa pia. Kukaza skrubu hakurudishi springi iliyokwisha kulainishwa na moto.

Hita ichomekwe moja kwa moja ukutani. Ikibidi kutumia ekstensheni, iwe na waya wa milimita za mraba 1.5, isibebe kingine, na kama ni ya kuzungushia kwenye gurudumu, ikunjue yote hadi mwisho. Ikiachwa imejiviringisha, mizunguko ya ndani haina pa kutolea joto, na ganda la waya huyeyuka na kugandana huku mizunguko ya nje ikiwa bado baridi.