Je, Wajua Kwa Nini Picha Nzuri za Wanyama Kisiwani Huanza na Jedwali la Maji?

Ukishuka kwenye kisiwa cha pwani na kamera begani, swali la kwanza huwa: wanyama wako wapi? Ni swali zuri, ila ni nusu tu. Tope lililojaa ndege saa nne asubuhi laweza kuwa maji matupu saa kumi jioni. Na ndege wale hawajahama kisiwa, wamesogea tu. Ukishajua nini kinawasogeza, huna haja ya kuzunguka kisiwa kizima ukiwafuata.

Kinachowasogeza ni kupwa na kujaa. Sehemu nyingi za dunia bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa hupita takriban saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana maji ya leo hayaji saa ile ile ya jana. Huchelewa kwa kama dakika 50, na jedwali la maji ni orodha inayokuonyesha saa za kujaa na kupwa kwa kila siku. Yakipwa, kitwitwi, membe na wenzao hutawanyika kwenye tope kutafuta minyoo na kaa, na mpiga picha huambulia vidoa vya kahawia juu ya ardhi ya kahawia. Yakianza kujaa, mambo hugeuka. Sehemu ya kula hupungua hatua kwa hatua, na ndege hurudi nyuma mbele ya maji hadi wanabanana pachache: ncha ya mchanga, mwamba usiozama, kingo za hori (mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu) lenye mikoko.

Hapo ndipo pa kungojea. Kosa la wengi ni kufika wakati maji yameshajaa na ndege wameshatulia. Ukichomoza tu, kundi zima linaruka. Tangulia kama saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, kaa chini upande wa nchi kavu, utulie. Maji yatakuletea ndege mwenyewe. Ukiweza kuchagua siku za safari, chagua bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maana maji hupanda juu zaidi na ndege hukosa pa kusimama isipokuwa karibu nawe. Siku za maji mafu, yaani maji yasipopanda sana, kuna mafungu ya mchanga ambayo hayafunikwi kabisa, na ndege watabaki huko huko mbali.

Kanuni hii haifanyi kazi kila mahali. Katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada, tofauti ya maji kujaa na kupwa yaweza kufika mita 16. Mediterania, sehemu nyingi haifiki hata nusu mita. Kwenye visiwa vya huko, jedwali la maji halikusaidii sana. Utategemea jua na upepo.

Jua nalo lina fumbo lake. Wageni wengi alfajiri hukimbilia ufuko wa mashariki kwa sababu ndiko jua linakochomoza. Wakifika, wanatazama baharini na jua linawachoma machoni, na kila ndege aliye ukingoni mwa maji anatoka mweusi. Kama kivuli ndicho ulichokifuata, sawa. Lakini kama unataka rangi ya manyoya na mng'ao wa jicho, asubuhi nenda ufuko wa magharibi, jua liwe mgongoni, na jioni nenda wa mashariki. Kilima kirefu au msitu katikati ya kisiwa unaweza kukuchelewesha, kwa sababu kivuli chake hulala juu ya ufuko kwa muda. Mchana pumzika. Hewa inayopanda kutoka kwenye mchanga wa moto hutetemeka, na lenzi ndefu ya kuvuta mbali, kama ya milimita 400, hukuza mtetemo huo pamoja na ndege.

Upepo wengi huusahau, ilhali ndio unaoamua kama utapiga uso au mkia. Ndege huruka na kutua akiukabili upepo, kwa kuwa hewa inayopita juu ya mbawa zake humsaidia kujiinua na kupunguza mwendo. Hata akiwa amesimama tu, huelekeza kifua kwenye upepo ili manyoya yasifumuke. Kwa hiyo upepo ukikupiga mgongoni, buabua anayetua anakuja usoni pako. Jua na upepo vikiwa vyote nyuma yako, usibanduke hapo. Vikikinzana, kwa maoni yangu jua lishinde kwa ndege waliotulia na upepo ushinde kwa wanaoruka. Kwa sili na wanyama wengine wanaonusa ni kinyume chake: upepo ukitoka mgongoni kwako, harufu yako itatangulia kabla hujanyanyua kamera.

Maji yakiwa yamepwa usirudi kulala. Ndiyo saa ya kaa wale wadogo wa kwenye tope la mikoko ambao dume lake lina gando moja kubwa kupita kiasi, analolipunga kumwita jike. Ukiwakaribia kwa miguu, tope zima linabaki mashimo matupu. Macho yao yako juu ya vijiti, na chochote kinachojitokeza juu ya upeo wa macho yao hukihesabu kuwa adui. Lala kifudifudi karibu na shimo, kamera ikigusa karibu tope, usijitikise. Kwanza hutoka miguu miwili mitatu, halafu macho, kisha gando, na baada ya muda jirani zake nao wanaanza kupunga. Nguo zitachafuka, lakini picha ya kaa iliyopigwa kutoka juu haina maana yoyote.

Wapo pia wanaofuata joto. Iguana wa baharini, mijusi wakubwa wa visiwa vya Galápagos katika Bahari ya Pasifiki, hujianika asubuhi juu ya miamba myeusi ya volkano mpaka damu ipate moto, ndipo waende kula mwani, na wadogo wao huula maji yakipwa. Saa za kuwapiga picha zimepangwa na mwili wao. Huko sheria ya hifadhi hudai ukae mita 2 kutoka kwa mnyama na usiwashe flashi.

Wanyama wa Galápagos ni wapole kwa sababu wameishi vizazi vingi bila wawindaji wa nchi kavu. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alipofika mwaka 1835 aliweza kumsukuma mwewe kutoka kwenye tawi kwa mdomo wa bunduki. Usitegemee hivyo kwenye kisiwa kilicho karibu na bara, ambako ndege wanawajua watu, mbwa na paka. Huko ndege wakiacha kula na kuinua shingo wote kwa pamoja, umeshakaribia mno. Kuwarusha kuna gharama yake, maana huwapotezea nguvu wanazohitaji kwa safari ndefu: mwaka 2022 ndege mmoja mchanga wa ukoo wa kitwitwi, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda juu, aliruka kilomita 13,560 kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua, kwa siku 11. Hao waliolala kwenye mchanga maji yakijaa huenda wanajiandaa kwa safari ya namna hiyo, au ndio wametoka kuimaliza.

Kabla ya kusafiri, angalia picha za setilaiti utafute ncha za mchanga, midomo ya mahori na matope mapana. Ukifika, tafuta miamba iliyopakwa weupe wa vinyesi, maana hapo ndege hurudi siku baada ya siku. Halafu uliza wavuvi. Usiwaulize ndege wako wapi, watakujibu kila mahali, na ni kweli. Waulize ndege hukaa wapi maji yakijaa.

Jambo la mwisho ni usalama. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya tatu na ya nne peke yake huleta karibu nusu ya maji yote, na njia ya mchanga uliyoivuka kwa miguu mikavu hutoweka ukiwa bado umeinamia kamera. Ukiwa kwenye fungu lililotengwa na nchi kavu, ondoka katika saa ya kwanza maji yanapoanza kujaa, hata kama ndege ndio kwanza wanasogea.